Masoko ya kazi za mikono Nairobi: maswali ya waliohamia juzi

Maswali haya huulizwa na watu waliokuja kuishi Nairobi wakitokea Dar, Arusha, Goma, Bukavu, Bujumbura na kwingine kunakozungumzwa Kiswahili. Anayejibu ni mtu wa Tanga aliyeolewa hapa na kukaa miaka, si wakala wa watalii. Ukiona nimependelea soko fulani, ni kweli nimelipendelea.

Nimefika juzi tu. Nianzie soko gani?

Anzia Kariokor. Kila mtu atakuambia Maasai Market, na huko utafika, lakini kule watu wanauza tu. Kariokor wanatengeneza na kuuza papo hapo. Ingia asubuhi siku ya kazi, utamkuta fundi kwenye kigoda, kipande cha ngozi kiko juu ya paja, anakata mikanda ya ndara kwa kisu kilichonolewa hadi kimekwisha upana. Pembeni mama anashona shanga juu ya mikanda hiyo hiyo, uzi wa nailoni kauuma kwa meno, anahesabu bila kuinua macho. Harufu ya gundi imejaa kila kichochoro. Simama hapo kidogo utazame pea moja inavyokamilika. Ukishajua kazi yake inakula muda gani, hakuna wa kukudanganya bei ya ndara jiji zima.

Soko liko upande wa Ngara na Ziwani, na kutoka River Road unafika kwa miguu. Watu wa Dar jina halitawapiga chenga: ni wapagazi wale wale wa Carrier Corps wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliotuachia Kariakoo yetu. Utapata ndara za ngozi, akala za matairi, mikoba, mikanda, viondo (vikapu vya kusukwa) na shanga za jumla. Usitarajie vioo na taa nzuri. Njaa ikikushika, nyama choma iko hapo hapo, na wengi wanaosema wanakwenda Kariokor huwa wanamaanisha nyama.

Maasai Market iko wapi hasa? Kila ninayemuuliza ananitajia mahali pengine.

Wote wanasema kweli, kwa sababu soko hilo linahama. Wachuuzi huzunguka na mizigo yao, leo kiwanja hiki, kesho kile. Siku zinazojulikana zaidi ni tatu: Ijumaa Village Market, jumba la maduka upande wa Gigiri, Jumamosi katikati ya jiji, kwenye maegesho ya Mahakama karibu na jumba la mikutano la KICC, Jumapili Yaya Centre, nalo jumba la maduka. Siku za katikati ya wiki hupangwa na kupanguliwa, kwa hiyo usitegemee ratiba uliyoikuta mtandaoni. Muulize muuzaji yeyote, "Kesho mko wapi?" Hiyo ndiyo ratiba.

Kwenda Yaya panda matatu namba 46, Village Market panda 106 au 107. Jumamosi ya mjini ndiyo kubwa zaidi na ndiyo yenye bei za kuzungumzika. Village Market iko jirani na ofisi za Umoja wa Mataifa na balozi kadhaa, basi bei nazo huanza na mshahara wa dola kichwani.

Wauzaji wake ni Wamaasai?

Baadhi. Wengine ni Wakikuyu, Wakamba, Wakisii, na kina mama wa kila kabila la hapa. Hilo lisikusumbue. Cha kujua ni kwamba Nairobi yenyewe haitengenezi nyingi ya bidhaa hizi, inazikusanya. Turubai moja lililotandikwa pale Mahakamani linaweza kubeba vijiji kumi na nchi nne.

Vile viboko, bakuli na sahani za mawe laini vimetoka Tabaka, Kisii. Huko jiwe huchimbwa na kuchongwa na familia nzima: wanaume wanachonga, wanawake na vijana wanalisugua kwa msasa na maji. Usidhani ni kazi ya kuuzia watalii tu. Elkana Ong'esa, mchongaji wa Tabaka, ana sanamu yake ya ndege wa amani katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris.

Twiga, vifaru, vijiko na bakuli za saladi za mbao ni kazi ya Ukambani. Uchongaji wa kuuza huko hutajwa pamoja na jina la Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyerudi na ufundi huo kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa hiyo Mtanzania anayebeza kwamba Wakenya "wanaiga Wamakonde" ana nusu ya hoja, ila mwanafunzi ameshakuwa mwalimu zamani.

Viondo husukwa Ukambani na Ukikuyuni. Shanga hutungwa Kajiado na Narok, ingawa vishanga vyenyewe vya kioo, vile vizuri vilivyolingana, vinatoka Jamhuri ya Cheki. Picha za Tingatinga zimevuka Namanga kwa basi. Usije ukazinunua hapa kwa bei mara tatu ukampelekea shangazi yako Kinondoni. Vinyago vya kuvaa usoni vingi vinatoka Kongo, na wenzetu wa Kongo walio hapa wanavijua kuliko muuzaji.

Ndiyo maana mimi nikisimama mezani huuliza kwanza, "Hii imetoka wapi?" Bei naiacha baadaye. Anayejua bidhaa yake atakutajia kijiji, atakutajia na shangazi yake anayesuka. Asiyejua atakujibu tu kwamba ni kazi ya mkono. Na ukishauliza hivyo, muuzaji anaona huyu si mtalii wa siku mbili, na bei inajishusha kabla hujaomba.

Nikitajiwa bei, nishushe mpaka wapi?

Kwanza kuhusu fedha, kwa wanaotoka Tanzania: shilingi moja ya hapa ni takriban 20 za kwetu, na inapanda na kushuka. Mia tano ya Nairobi si hela ya soda, ni kama elfu kumi. Wiki za mwanzo utasahau na kulipa kwa moyo mweupe.

Pale Maasai Market bei ya kwanza ni salamu tu. Jibu la kawaida ni theluthi yake au nusu, kisha mnakutana katikati. Mazungumzo huenda hivi:

"Mama, hiki kiondo bei gani?"
"Elfu tatu mia tano. Lakini wewe ndiye kastoma wa kwanza, leta tatu."
"Kimesukwa wapi?"
"Kitui. Angalia mkono huo, madam, hakuna mashine hapo."
"Naona. Ila huu mkanda si ngozi. Nina elfu moja na mia mbili."
"Ai! Hata aliyesuka hatakula. Ongeza, usiniangushe asubuhi."
"Moja na nusu."
"Mbili ya mwisho."
"Basi niangalie mbele, nitarudi."
"Kuja, kuja. Leta moja mia saba tufungue soko."

Kwa kiondo kile, elfu moja na mia saba ilikuwa bei ya haki kwa wote wawili. Angalia kilichoishusha bei: kasoro ya mkanda, na utayari wa kuondoka bila hasira. Kulalamika kwamba "ni ghali sana" hakushushi hata shilingi. Ila ukitaja bei nawe ukakubaliwa, lipa. Kutaja bei, ikakubaliwa, kisha ukaondoka, hapa ni utovu wa adabu, na asubuhi ni balaa kabisa, maana kastoma wa kwanza ndiye anayefungua soko la mtu.

Kariokor, na Gikomba kwenye karakana za wachongaji, usije na theluthi. Fundi amekutajia bei akiwa na bidhaa mkononi na gharama kichwani; punguzo la mia moja au mia mbili linatosha. Kwa makadirio tu, bangili nyembamba ya shanga hucheza kati ya mia na mia mbili, ndara za ngozi kuanzia mia tano kwenda juu kulingana na shanga, shuka ya Kimaasai kati ya mia tano na elfu. Zaidi ya hapo unalipia mahali uliposimama.

Utasikia bei zikitajwa kwa lugha ya mtaa, hasa wauzaji wakisemezana wenyewe: ashu ni 10, mbao 20, finje au chwani 50, soo 100, rwabe 200, jirongo 500, thao au ngiri 1,000. Muuzaji akimwambia mwenzake "mwachie na jirongo", wewe tayari unajua bei ya mwisho.

Kuna kijana ananifuata na kikapu, ananiambia nichague tu, bei tutaongea mwisho. Ni nani huyo?

Broka. Hana meza, hana mzigo. Anakupokea mlangoni kwa tabasamu, anakuzungusha, kila unachokigusa anakitia kikapuni. "Usijali bei, madam, hapa ni soko la ushirika." Mwishoni mnakaa pembeni, anatoa kipande cha karatasi, anaandika jumla ambayo ndani yake kuna fungu lake juu ya kila kitu, anakupa kalamu: "Andika na wewe yako." Hapo umeshachagua vitu vinane, umechoka jua, na mwenye meza hujazungumza naye hata neno.

Mwambie mapema, "Asante kaka, leo natembea mwenyewe." Akiendelea kufuata, simama kwenye meza ya mama mmoja na uzungumze naye mpaka broka achoke. Kina mama wenyewe hawawapendi, ila hawasemi kwa sauti kwa sababu kesho watakuwa nao tena.

Lafudhi yangu ni ya Tanzania (au ya Kongo). Nitapandishiwa bei?

Mtanzania hupandishiwa kidogo, halafu huonewa huruma. Watasema unaimba, watakuita wenzao waje wasikie. Mwamkie muuzaji mzee "shikamoo" na wengi watacheka kwa furaha kabla ya kuitikia, maana hapa mjini imekuwa adimu. Mimi naitumia bila haya. Wenyewe watakuita madam, mathe, siz, bosi, mkubwa; hakuna dharau ndani yake. Mwanamke mtu mzima mwite "mama", fundi mwite "fundi" au "mzee", kijana "kaka" au "boss" tu.

Wa kutoka Kongo, punguzeni Kifaransa sokoni. Kinaashiria ubalozi.

Nitajuaje mpingo wa kweli?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Vinyago vyeusi vinavyong'aa vilivyopangwa mstari mmoja, vyote vyepesi na vya bei nafuu, mara nyingi ni mbao nyeupe iliyopakwa rangi ya viatu. Chukua kinyago, kigeuze, tazama chini ya kitako, mahali ambapo mchongaji hajajisumbua. Lowesha kidole usugue. Kidole kikitoka cheusi, umeshajibiwa. Kama una kitambaa cheupe chenye maji ni bora zaidi, ila muuzaji atakutazama.

Kisha pima uzito mkononi. Mpingo ni mzito hadi unashangaza, na kipande chake kikitiwa majini kinazama. Tazama pia kama kuna mstari wa rangi ya krimu au njano ubavuni. Wengi huudhani kasoro. Huo ni ubao wa nje wa mti, na weusi wa mpingo uko moyoni tu. Kinyago chenye weusi na rangi ya krimu vilivyounganika bila mshono ni dalili njema. Kilicho cheusi tii kila mahali, hadi ndani ya nyufa, kinahitaji kuulizwa maswali.

Lakini kwa nini ung'ang'anie mpingo? Mti huo hukua polepole mno, na mhuhu uliokuwa ukipendwa na wachongaji wa Ukambani nao umekatwa hadi umekuwa wa kutafutwa. Wachongaji wengi wamehamia jakaranda na mwarobaini, miti inayokua haraka, na kazi inaweza kuwa nzuri vilevile. Muuzaji akikuambia wazi, "Hii ni jakaranda," mnunulie huyo. Shida ya jakaranda ni moja: ikichongwa mbichi hupasuka. Igusishe shavuni mwako. Ikiwa baridi na nzito kuliko inavyotakiwa, bado ina maji, na wiki chache baadaye twiga wako atakuwa na ufa kuanzia shingoni hadi mguuni. Angalia pia vitundu vidogo vyenye unga mwepesi. Humo mna wadudu, na hawatabaki kwenye kinyago tu, watahamia kabatini.

Ukitaka kuona wachongaji wenyewe wakiwa na tezo na patasi, nenda karakana zao za upande wa Gikomba na Pumwani. Vipande vya mbao viko hadi vifundoni, kila mtu amebobea kwa mnyama wake. Anayechonga simba hachongi swala.

Na jiwe la Kisii?

Rangi zake za asili ni nyeupe, krimu, waridi na kijivu, wakati mwingine zote katika bakuli moja. Buluu kali na nyekundu ni rangi ya kupaka, iliyokwaruzwa michoro juu yake. Hakuna ubaya, ila vya rangi viwe vya kuwekea funguo, visiwe vya chakula. Pitisha kidole ukingoni kutafuta mahali palipovunjika na kugundishwa. Gundi ya unga wa jiwe huficha vizuri sana. Na kumbuka mizani ya uwanja wa ndege kabla ya kununua seti ya sataranji.

Kiondo kizuri kina dalili gani?

Kiinue kwenye mwanga utazame kutoka ndani. Msuko uliokaza haupitishi vijitundu vya jua. Tazama kitako, pale kazi ilipoanzia: mistari ikizunguka kwa usawa tangu hapo, msukaji ni mzoefu, ikiyumba, kikapu kitaegemea upande mmoja siku zote. Mkonge una harufu yake na hukwaruza kidogo; uzi wa nailoni ni laini na unateleza. Vyote viwili husukwa kwa mkono, lakini bei isiwe moja. Kisha mkanda: ulioshonwa kwa uzi unadumu kuliko uliopigwa pini, na ukibeba viazi utaona tofauti ndani ya mwezi.

Viondo vyenye rangi nyingi, visugue kwanza kwa kidole chenye maji. Mkonge uliotiwa rangi vibaya utakuchafulia nguo siku ya kwanza ya mvua.

Kuna vitu ambavyo sipaswi kununua kabisa?

Pembe za ndovu, pembe za kifaru, ngozi za chui, gamba la kasa, meno na kucha za wanyamapori, hata vikitolewa chini ya meza na mtu mpole aliyeapa kwamba ni vya babu yake. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara katika maduka ya vinyago. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ina adhabu za faini kubwa na kifungo, na mgeni haponi kwa kuwa mgeni. Ni nchi iliyochoma pembe zake hadharani mwaka 1989 na tena 2016, tani 105 kwa siku moja, hivyo usitarajie mzaha uwanja wa ndege.

Mifupa ya ng'ombe ni jambo lingine, ni halali kabisa. Kibera kuna karakana zinazochukua mifupa kutoka machinjioni, zinaichemsha, zinaikata na kuisugua hadi inakuwa hereni na vishikizo vizuri sana. Ukitazama kwa karibu, mfupa una vidoa na vistari vidogo vyeusi.

Tanzanite nayo usinunue kwa mtu wa barabarani. Hutoka Mererani peke yake duniani, na kioo cha buluu hutoka popote. Kombe na matumbawe ya pwani mimi huyaacha tu, kwani yana vibali vyake na yana haki ya kubaki baharini.

Sitaki mapambo. Ndiyo kwanza nahamia nyumba, nataka vitu vya kutumia.

Basi swali lako ni zuri kuliko yote hapo juu, na jibu ni Kamukunji. Utasikia kelele kabla hujaona kitu: mamia ya nyundo juu ya mabati, mchana kutwa, chini ya vibanda na nje juani. Jua Kali yenyewe, yaani kazi ya mafundi wadogo wa nje juani, ndiyo hiyo. Bati tambarare linaingia upande mmoja, linatoka upande wa pili likiwa sanduku la shule, karai, bomba la maji ya mvua, sufuria ya harusi. Fundi anapinda pembe ya sanduku kwa kipande cha reli na jicho lake tu. Tepu ya kupimia imekaa mfukoni. Jiko la makaa lenye kauri ndani, lile ambalo liko nyumba nyingi za mjini, ukilinunua hapa utalipata kwa bei ya anayelitengeneza. Ligonge kauri kwa ukucha: ikilia vizuri ni nzima, ikitoa sauti butu ina ufa.

Nenda asubuhi, vaa viatu vilivyofunika vidole, acha mkufu nyumbani. Kubeba kuna watu wa mikokoteni. Patana nao kabla hawajainua mzigo.

Kwa vitambaa, Biashara Street katikati ya jiji ina maduka ya kikoi, kanga, vitenge na mashuka. Kanga zenyewe, samahani Wakenya, ningeagiza kutoka nyumbani. Uchaguzi wa majina hapa ni mdogo, na mtu hawezi kumpa wifi yake doti yenye jina la kubahatisha.

Sijui kupatana bei na wala sipendi. Niende wapi?

Kwenye viwanda vidogo vyenye bei iliyoandikwa. Kazuri, kule Karen, hutengeneza shanga za udongo. Kilianzishwa na Susan Wood mwaka 1975 pamoja na wanawake wawili, na leo wameajiriwa mamia. Unaweza kuingia ndani uone kila ushanga ukiviringishwa kwa vidole, kupakwa rangi kwa brashi, kisha kuingia tanuruni. Ocean Sole huchonga wanyama kutoka kwenye ndara za plastiki zilizookotwa fukweni. Watoto wanavipenda, na havivunjiki. Kitengela kuna wapuliza vioo wanaoyeyusha chupa kuukuu, pembezoni mwa mbuga ya taifa. Barabara ni mbovu na ni mbali, ila mtu wa kuweza kutazama moto siku nzima atafurahi.

City Market ya Muindi Mbingu Street sikupeleki kwa ajili ya bei. Wauzaji wa vinyago wa pale wanakuvuta mkono na wanaanzia juu kuliko Jumamosi ya Mahakamani. Nenda kwa ajili ya jengo, la miaka ya 1930, na maua yaliyoko nje. Mtaa wenyewe una jina la Mkamba aliyewaongoza wafugaji kuja Nairobi mwaka 1938 kudai ng'ombe wao waliokuwa wakichukuliwa na serikali ya kikoloni, na ndani ya soko wanauza ng'ombe wa mbao waliochongwa na wajukuu wa watu wale wale.

Nataka kwanza kujifunza kutofautisha kizuri na cha kawaida.

Nenda Nairobi Gallery, jengo dogo la mwaka 1913 kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, jirani na Nyayo House. Humo mna mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966, akaacha siasa na kutumia maisha yake kukusanya sanaa za Afrika. Mwaka 1972 alifungua duka na jumba la sanaa la African Heritage pamoja na Alan Donovan. Tazama mapambo ya shanga na nguo zilizofumwa zamani, kisha rudi sokoni. Jicho litakuwa limeshapata kipimo, na vingi vilivyokuvutia wiki iliyopita utavipita.

Nalipaje?

M-Pesa. Sajili laini kwa pasipoti siku za mwanzo, maana usipokuwa nayo utakuwa mtu wa kuomba chenji kila mahali. Mwenye duka atakupa namba ya till, yaani ya malipo ya duka, wa turubai atakupa Pochi la Biashara, ile ya wachuuzi wadogo, au namba yake tu. Soma jina linalotokea kabla malipo hayajakamilika, na usiondoke mpaka naye apate ujumbe wake. Beba na noti ndogo kidogo za bangili na nauli.

Mfuko njoo nao. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku hapa tangu Agosti 2017, karibu miaka miwili kabla ya Tanzania.

Naweza kupiga picha?

Uliza kwanza, nunua kwanza ikiwezekana. Wauzaji wa shanga hasa hawapendi, na wana sababu: mtindo uliopigwa picha Jumamosi huonekana kwenye duka la mtu mwingine mwezi unaofuata. Fundi wa Kamukunji atakuambia upige, ila amalize kuvaa kofia.

Naweza kuagiza kitu kitengenezwe nitakavyo?

Ndiyo, na ndiyo raha ya kuishi hapa badala ya kupita tu. Peleka mfano halisi, kwa sababu picha ya simu haina vipimo. Lipa nusu, si zaidi, na salio ukiona kazi. Siku ya kuchukua iongezee wiki moja kichwani mwako bila kumwambia fundi. Kuna mmoja, simtaji, aliyenipa "kesho asubuhi" mpaka mtoto niliyemwagizia kitanda akakua nusu ya mguu. Siku hizi natuma ujumbe kila siku mbili, natuma kwa upole, na kazi inatoka.

Nikivuka Namanga na vitu hivi nitasumbuliwa?

Zawadi chache za mbao, mawe na vikapu hupita. Ukibeba shehena ya kuuza, hiyo ni biashara. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 iliyotengenezwa ndani ya nchi wanachama; cheti cha asili ya bidhaa hupatikana pale pale mpakani. Kaa na risiti, hata zile za kuandikwa kwa mkono.

Mimi mwenyewe ni msukaji wa mikeka. Naweza kuuza?

Kufungua meza yako kunahitaji kibali cha Uhamiaji na leseni ya kaunti, na ndani ya Maasai Market kuna vyama vya wachuuzi vinavyogawa nafasi. Mgeni hapewi kwa urahisi. Wengi niwajuao huanza kwa kumuuzia jumla mama aliye na meza tayari. Peleka mikeka miwili mitatu, muulize ipi imeisha kwanza na kwa bei gani, na ukiulizia karatasi uliza ofisini Uhamiaji, si kwa broka.